Picha ya Kumi na Moja

Ukifika mapokezi ya ile kliniki ya meno ungemkuta nyuma ya kioo, mama wa makamo, miwani puani, tabasamu limepimwa kwa rula. Wagonjwa walimfokea yeye kwa maumivu waliyopewa na daktari, na daktari alimfokea yeye kwa sababu wagonjwa wamefoka. Alimeza yote. Mtu akimeza hivyo miaka kumi na minne, jamani, lazima kuna mahali atatapikia.

Mahali pake palikuwa kundi la mashabiki wa katuni moja ya mtandaoni, ya bata mlinzi wa geti, mzembe kupindukia, anayewavulia kofia wezi na kuwazuia wenye nyumba. Mdogo wake, fundi cherehani aliyehamia kwake baada ya mume kumwacha, ndiye aliyemwonyesha tovuti hiyo ili acheke kidogo. Dada mtu akacheka, kisha akanogewa. Akajifunza kutengeneza ikoni zinazocheza, zile picha ndogo ambazo shabiki huweka pembeni ya jina lake. Saa ya chakula cha mchana aliifungua katuni kwenye kompyuta ya mapokezi, anaisimamisha, ananasa picha moja, anaisogeza kidogo, ananasa nyingine, mpaka zinafika kumi. Anazikata ziwe ndogo kama kucha, anazipanga zifuatane, na ya mwisho anaiunga na ya kwanza ili bata avue kofia na kuivaa, avue na kuivaa, bila kukwama, mpaka kiama.

Kundini walimwita Shangazi. Ukimwomba ikoni hakukukatalia wala hakukuchelewesha. Walimpenda, tena si mchezo: hapakuwa na mahali pengine watu walipomwambia asante. Asante hizo ndizo zilizomtoa kitandani asubuhi.

Ila Shangazi alikuwa na roho mbaya, tusifichane. Kwenye kila zawadi alichomeka picha ya kumi na moja, inayopita haraka kuliko kupepesa jicho, yenye maneno ya rangi inayokaribia ile ya geti. Mwanafunzi aliyemrudishia kazi mara tatu airekebishe aliandikiwa "Kupe wewe." Mjane aliyeomba bata apunge kitambaa aliandikiwa "Afadhali mumeo kapumzika." Walipomshukuru, aliwajibu, "Karibu sana, mpenzi," akampokea mgonjwa anayefuata, roho kwatu.

Siku ikafika mmoja wao, waliyemwita Profesa kwa ujuaji wake, akaiba ikoni bora ya Shangazi, ya bata anapiga chafya mpaka kofia inaruka, akaipeleka kwa wenye tovuti waiweke juu ya ukurasa wao. Shangazi alipolalamika, Profesa akamgeuzia kibao, eti yeye ndiye mwizi. Kundi likaanza kuyumba. Asante zikakauka. Siku mbili hakula vizuri, na kwa hasira akafanya jambo ambalo hata mtoto asingelifanya: akawaeleza wote namna ya kuifungua ikoni na kuitazama picha moja moja. "Fungueni hiyo chafya mhesabu," aliandika. "Ya kumi na moja ina jina langu."

Wakafungua. Jina lilikuwepo, maana ile alijitengenezea mwenyewe. Profesa akatimuliwa siku hiyohiyo, na Shangazi akaombwa radhi na kila mtu.

Raha hiyo ilidumu mpaka saa nane mchana. Mwanafunzi ndiye aliyetangulia kufungua ya kwake. Kisha mwingine, na mwingine. Mjane hakutukana, aliiweka tu ile picha, kubwa, kila mtu aione, akaondoka kundini. Shangazi akaanza kuandika utetezi, akafutwa kundini kabla hajaumaliza.

Nyumbani alimkuta mdogo wake kwenye cherehani, anapinda pazia la sebule. Naye alikuwa na ikoni, ya bata na kofia, aliyopewa zawadi mwezi aliohamia. Na kundini alikuwa ameshasoma yote.

"Dada, yangu ina nini?"

"Yako haina kitu. Wewe ni damu yangu."

Mdogo mtu akamsogezea simu. "Basi nifungulie nione."

Dada akafungua. Wakazipita kumi zote, bata anavua, bata anavaa. Ya kumi na moja iliandikwa: "Hata mimi ningekuacha."

Mdogo mtu aliisoma mara moja tu. Akamaliza kupinda pazia, akalitundika, akaanza kukunja nguo zake. Dada akalia, akamshika mkono, akaapa kwamba ni hasira za siku moja, akaahidi kumtengenezea nyingine sasa hivi.

"Acha," mdogo akasema. "Hii inanitosha."

Hajaibadilisha mpaka leo. Akiwa na neno la lazima, labda la mama yao mgonjwa, humwandikia dada yake, na pembeni ya jina bata anavua kofia na kuivaa. Wengine huiona inachekesha. Zamani jicho la dada mtu halikuweza kuidaka ile picha ya kumi na moja. Sasa anaiona kila mzunguko, na mzunguko hauishi, kwa sababu aliuunga vizuri mwenyewe.