Puli ndogo kwenye injini, mama yangu kwenye kiti cha nyuma: faida na hasara nilizoziona Kianyaga

Wakuu, nawasalimu kutoka Othaya, kwenye baridi na matope. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, na sitayatia chumvi. Yalivyo yanatosha.

Kwanza, kwa wasiojua. Puli ni lile gurudumu la chuma mbele ya injini linalozungusha mkanda. Mkanda huo ndio unaoendesha alteneta, pampu ya maji na power steering. Underdrive pulley ni ndogo kuliko ile ya kiwandani. Kwa hivyo vifaa hivyo vyote vinazunguka polepole, na nguvu ambayo vingeila inabaki kwa magurudumu.

Hiyo ni nadharia. Mimi nina digrii, na nadharia huniingia upesi.

Gari langu ni station wagon ya zamani, nami ni mtu wa makamo mwenye kitambi. Mmoja wetu alihitaji kupunguziwa mzigo. Nikachagua gari.

Niseme kweli, faida zipo. Fundi alipomaliza kuifunga pale Nyeri mjini, nilirudi nyumbani nikihisi injini imevua gumboots. Ukikanyaga, inaitikia. Kwenye milima ya chai nilikuwa nikipita malori bila kuomba Mungu. Mafuta? Nilijiambia yamepungua, lakini mtu aliyenunua kitu hujiambia mengi.

Sasa hasara.

Mama yangu ana mapafu yaliyochoka kwa moshi wa jikoni. Anapumua kwa msaada wa mashine ndogo ya oksijeni. Betri ya mashine ilishakufa, kwa hivyo nyumbani tunaichomeka ukutani, na safarini kwenye soketi ya gari. Daktari alimruhusu kusafiri mradi mashine isizimike.

Jumamosi moja tulikuwa tunapeleka mahari Kianyaga, ruracio ya mtoto wa kaka yangu. Tulimsihi mama abaki. Akasema mjukuu wake hawezi kuoa kama yatima.

Mnajua misafara yetu. Magari yanakutana petrol station, yanafungwa utepe, halafu mnatambaa pamoja, taa zimewashwa, hazard zinapepesa, hakuna kumpita mwenzako. Tulipovuka Kerugoya mvua ikaanza. Nikaongeza waipa na feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo.

Hebu fikirieni. Kila kinachokula umeme kilikuwa kimewashwa, na injini ilikuwa inajikokota. Alteneta, ambayo mimi mwenyewe niliipunguzia mwendo, haikuwa ikitoa umeme wa kutosha. Betri ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo.

Kwenye kona usukani ulikuwa mzito. Nikalaumu mabega yangu.

Tulikuta lango la kina bibi harusi limefungwa. Ndiyo mila. Wanawake wa upande ule wanafunga, mnaimbiana na kutaniana mpaka muwafurahishe. Watu wetu wakashuka na miavuli kwenda kuimba. Ndani ya gari tukabaki mimi, mke wangu, na mama kando yake kiti cha nyuma. Nyuma yetu magari, pembeni mtaro, mbele lango.

Ndipo mashine ikalia. Piii. Ikanyamaza. Piii.

"Baba Wangechi, hii kitu inalia nini?" mke wangu akauliza.

Taa ya betri kwenye dashboard ilikuwa nyekundu. Kwenye kioo nilimwona mama akivuta hewa kwa mabega. Wakuu, mama yangu hakosi neno, lakini sasa kila pumzi ilikwenda kwenye kutafuta hewa.

Nikazima taa, waipa, feni, kila kitu. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma na mlio ukakoma. Nikaachia kidogo: piii.

Nikaelewa kwamba pumzi za mama yangu ziko chini ya mguu wangu wa kulia.

Lakini mshale wa joto nao ulikuwa unapanda. Gari limesimama, halipati upepo, na feni ya rejeta inategemea umeme ule ule haba. Nikiachia, mashine inazimika. Nikikanyaga, injini inachemka, halafu mashine inazimika vilevile.

Nikapiga honi, nikashikilia.

"Ati mnatupigia honi?" akafoka mama mmoja aliyejifunga leso, kiongozi wa pale langoni. "Honi ni ya kufukuza ng'ombe, na hapa ng'ombe ni zile mmeleta nyinyi!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikakanyaga tena.

"Huyo wa wagon anataka kuturukia! Mwambieni hiyo gari yake hatuitaki hata ya bure!"

Kaka yangu akageuka na kuniashiria nitulie, nisiwaaibishe.

Nikamwambia mke wangu aje akanyage. Alipenya katikati ya viti na nguo yake ya sherehe, akaweka mguu juu ya wangu, nikauchomoa.

"Usiachie."

"Siachii. Wewe enda!"

Nilikimbia kwenye matope na viatu vya harusi. Nafundisha watu kuandika, lakini nilipofika langoni nilipata maneno matatu tu: "Mama yangu hapumui."

"Hata huyu ni mwigizaji!" msichana mmoja akasema.

Mwenye leso aliniangalia usoni. Akaacha kucheka.

"Fungua."

"Lakini auntie, hawajamaliza kuimba..."

"Nimesema fungua!"

Mke wangu akaliingiza gari, mvuke ukitoka kwenye boneti. Hatua chache ndani, injini ikazimika, na mashine ikazimika nayo. Vijana walimbeba mama mpaka sebuleni, wakachomoa spika za muziki, wakachomeka mashine. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilisimama nikiangalia kifua chake, na balbu iliyokuwa darini. Mvua ikinyesha hivyo, stima huku kwetu haichelewi kwenda.

Haikwenda. Baada ya muda mama akafungua macho.

"Kwani wametufungulia? Mliimba wimbo gani?"

Puli ya kiwandani imerudi mahali pake. Fundi alinionyesha kwamba ina mpira ndani unaomeza mtetemo wa crankshaft. Ile yangu ya kisasa haikuwa nao, kwa hivyo hata injini nilikuwa naiua polepole.

Ushauri wangu: kama gari lako ni la mashindano, ifunge na ufurahie. Kama ni la foleni, misafara na wagonjwa, liache lilivyo. Na kama umeshaifunga, washa kila kitu gari likiwa limesimama, pima umeme wa betri, kabla hujampakia mtu.

Hofu bado ninayo. Juzi, kwenye foleni ya siku ya soko Karatina, mguu wangu ulikanyaga mafuta wenyewe. Kutoka nyuma mama akaniuliza, "Baba, unamkimbiza nani?" Huniita hivyo kwa sababu nina jina la babake. Nilikuwa nasikiliza mashine.

Wenye puli hizi, andikeni hapa chini: gari likisimama, umeme wenu unasoma ngapi? Wa kunicheka pia karibuni, ila mjibu kwanza.