Maziwa ya Mkuu wa Kanda

Hadithi hii hamtaiamini, nami sitawalaumu, maana hata mke wangu, aliyeolewa nami akiamini nina mashamba, hii ameikataa. Lakini shahidi yupo. Bekharatna Chitrakar mwenyewe ameketi pale dirishani anachonga penseli, na ameahidi kunyamaza mpaka nimalize. Nikimsomea kipande, anakohoa. Kukohoa si kukanusha.

Bekharatna ni mwoga. Simtukani, namtambulisha. Watu wa ukoo wake ndio wachoraji wa macho ya miungu na nyuso za vinyago hapa Kathmandu tangu enzi za mababu, na katika kazi hiyo mkono ukitetemeka mungu anatoka kengeza. Mkono wake hautetemeki. Kinachotetemeka ni sehemu yake nyingine yote. Mlango ukigongwa, tumbo lake huitika kabla ya mdomo. Na mtu wa namna hii, sijui kwa mzaha wa mungu yupi, ndiye aliyekuwa mchora vibonzo wa gazeti la Sisnu, yaani Upupu, enzi zile vyama vya siasa vilipokuwa haramu na polisi walisoma magazeti kwa makini kuliko walimu.

Mwaka mzima alichora vibonzo visivyouma. Mama mkwe amekalia kofia mpya ya mkwewe. Kinyozi amesinzia na wembe mkononi, mteja anasali. Mng'oa meno amevuta jino, likaja na mteja mzima. Watu walicheka, wakamaliza chai, wakafungia karanga. Bekharatna alilala usingizi.

Lakini ilikuwapo siku moja kwa mwaka. Gai Jatra, Sikukuu ya Ng'ombe, ambapo kila nyumba iliyofiwa hutoa ng'ombe, au mtu aliyevaa kichwa cha ng'ombe, azungushwe mjini ili marehemu ashike mkia na avushwe mto wa kuzimu. Na ili wafiwa wapate kucheka, siku hiyo ni ruksa kumdhihaki yeyote: waziri, jenerali, tajiri mwenye matumbo mawili. Ruksa inaanza ng'ombe wakitoka na inakwisha ng'ombe wakirudi. Kesho yake mdomo uleule unakwenda kula maharage ya serikali. Kulikuwa na mhariri mtaa wa pili, mtambo wake wa chapa ulikwama siku ya sikukuu, akaona si kitu, akachapa kesho yake. Tulipomwona tena alikuwa na mvi.

Mwaka ninaousema, barabara mpya ya kuteremkia Sirpani ilikuwa imeliwa saruji yake kabla haijakauka, na kila mtu alimjua mlaji: Jagatman, Mkuu wa Kanda. Bekharatna akamchora amelala chali chini ya ng'ombe. Ubavuni mwa ng'ombe pameandikwa "Barabara". Jagatman amebana chuchu, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, maziwa yanamchuruzika kidevuni. Ng'ombe amegeuza shingo anamtazama kwa jicho moja, jicho la mama aliyechoka. Chini hakuandika neno. Kibonzo kizuri hakina mkalimani.

Asubuhi ya sikukuu gazeti liliisha mitaani kama maandazi ya moto. Hata Bekharatna akathubutu kula. Alikuwa amekaa mbele ya sahani ya mchele wa kupondwa na mtindi, tonge la kwanza liko njiani, mkewe Herashobha akaliinua gazeti.

"Baba watoto, huyu si Jagatman wa ng'ambo ya daraja?"

"Ndiye."

"Anakunywa nini hapa?"

"Maziwa ya barabara, mke wangu. Ni fumbo."

"Fumbo! Wewe na fumbo lako! Mama yake si amekufa baridi iliyopita? Mie nilikwenda kulia msibani kwao, wewe ukabaki unachora mng'oa meno. Huyu yuko kwenye mwaka wa maziwa!"

Tonge likarudi sahanini. Sisi huku mtu akifiwa na mama hunyoa kichwa, huvaa meupe, na hagusi maziwa mwaka mzima, hata tone la kwenye chai. Mchore mtu anaiba, atakasirika, atasahau. Mchore mfiwa ananyonya maziwa, umemtukana yeye, na mama yake aliye njiani hajavuka mto. Bekharatna alikuwa amemchora kwa kuitazama picha ya zamani, ana kofia na koti jeusi na nywele zake zote.

"Lakini leo ni ruksa," alisema, akijisemea mwenyewe. "Leo ni ruksa. Leo ni ruksa."

"Kula basi, kama ni ruksa."

Hakula. Na hapo mlango ukagongwa.

Alikuwa Padmalal, mhariri wa Sisnu, ameloa chapachapa.

"Bekha, kaa kitako."

"Nimekaa."

"Furushi la magazeti ya Sirpani lilitoka jana kwa basi. Kilima kimeshuka. Basi limekwama njiani."

"Halafu?"

"Halafu litafika kesho, au keshokutwa. Muuzaji atalifungua, atalitandika sokoni mbele ya ofisi ya Jagatman, na sikukuu imekwisha. Unadhani maji haya ni mvua tupu?"

"Kalirudishe, kaka! Unasubiri nini?"

"Mimi jina langu limechapwa ukurasa wa mwisho, kila askari analijua. Wewe hujatia sahihi hata siku moja. Huko hakuna anayekujua. Nenda wewe."

"Mimi!"

"Mwoga hutembea kimya," alisema Padmalal. "Ndiye anayefaa."

Herashobha aliingia jikoni. Alifunga mchele wa kupondwa kwenye kitambaa, akamtilia na karafuu za kutuliza tumbo.

Alfajiri ya siku ya pili, Bekharatna alipanda lori la vitunguu. Mfuko wa brashi na wino ulikuwa begani, maana wachoraji wa ukoo ule hawautui hata wakienda mazikoni. Shauri lake lilikuwa fupi: achukue furushi, alitupe mtoni, arudi nyumbani, asichore tena kitu chenye chuchu. Kila kizuizi cha polisi alijifanya amelala. Kila askari aliyechungulia, yeye alizidi kukoroma, mpaka dereva akamwambia, "Mzee, punguza, watadhani nimebeba nguruwe."

Lori likaishia kwenye poromoko la tope. Akavua viatu, akavuka, mguu mmoja unazama, wa pili unaomba dua. Ng'ambo ndipo alipoliona basi. Lilikuwa limebanwa kati ya poromoko hili na jingine kubwa zaidi mbele yake, kama panya kati ya paka wawili. Kando ya njia palikuwa na kibanda cha chai, na abiria wote wamejaa humo.

Furushi lilikuwa limefunguliwa. Wengine walikuwa wamekalia Sisnu kwa ajili ya unyevu, mmoja amejifunika kichwani, na kondakta, jibaba lenye shingo kama gogo, alikuwa ameshika nakala mbele ya macho anacheka mpaka anakohoa.

"Tazama mashavu! Tazameni mashavu, wenzangu! Ndiyo maana kilima kimetuangukia! Saruji iko humu!"

Bekharatna akamsogelea kwa sauti ndogo. "Ndugu, haya magazeti yana mwenyewe. Nimetumwa niyarudishe."

"Yarudi wapi, nawe umeziona njia zote mbili zilivyo? Kaa unywe chai."

Mwenye kibanda alikuwa anamimina. Mtu mmoja alikuwa peke yake kwenye benchi la mwisho, mavazi meupe matupu, viatu vya kitambaa cheupe, kichwa kimenyolewa.

"Mimi nipe ya rangi," alisema yule mtu. "Isiguse maziwa."

Bekharatna aligeuka. Aliangalia yale mashavu. Bila kofia, bila nywele, lakini mashavu yalikuwa yaleyale. Aliyachora kwa mkono wake. Jagatman alikuwa anapanda kwenda mjini kumtolea mama yake ng'ombe, gari lake likazuiwa kule chini, akavuka tope kwa miguu, akakutana na tope jingine lililokuwa bado linateremka. Sikukuu ilimpita akiwa hapo benchini. Na juu ya magoti yake palikuwa na nakala ya Sisnu.

Hakuna abiria aliyemtambua. Nani angemtambua kiongozi asiye na kofia?

Bekharatna alirudi nyuma taratibu aondoke. Hapo bibi mmoja, Chirimaya, akaudaka mfuko wake.

"Hizi si brashi? Wewe Chitrakar?"

"Mimi... mpitaji tu, bibi."

"Mpitaji na brashi! Miungu wamekuleta. Nilikuwa naenda Sirpani kwa wanangu tumtolee mume wangu ng'ombe. Nitengenezee kichwa hapahapa. Huyu kondakta atakuwa ng'ombe, shingo anayo."

"Bibi," kondakta alilia, "mimi nina mke!"

"Na mume wangu alikuwa na mke. Inama tukupime."

"Bibi yangu," Bekharatna alisema huku jicho moja liko benchini, "sikukuu ilikuwa jana."

"Jana nilikuwa nimekwama! Ng'ombe wangu hajatoka, sasa sikukuu yangu imekwishaje? Siku ya mfiwa haiishi mpaka ng'ombe wake atembee. Au mume wangu abaki ukingoni anaita kwa sababu ya saruji ya watu?"

Mtu wa mavazi meupe akakohoa. "Bibi, sheria ni sheria. Jana imepita."

Chirimaya akageuka. Akamtazama toka kichwa kilichonyolewa hadi viatu vya kitambaa.

"Nawe umefiwa na nani, mwanangu?"

"Mama."

"Ng'ombe wake ametoka?"

Yule mtu aliinamia kikombe chake. Hapo Bekharatna, kwa hofu yake yote, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: kama jana imepita, mama wa Jagatman hana ng'ombe, amebaki ukingoni. Na kama jana haijapita, basi kucheka bado ni ruksa, na kibonzo kile bado ni halali. Maisha yake yote yalikuwa yananing'inia kwenye jibu la mtu mmoja anayekunywa chai ya rangi.

Jagatman aliweka kikombe chini. Halafu akasema polepole, "Basi bado ni sikukuu. Tengeneza vichwa viwili."

Karatasi nyingine haikuwapo, ni Sisnu tu. Bekharatna aliloweka magazeti kwenye uji wa unga, akabandika tabaka juu ya tabaka, mashavu ya Jagatman yakiingia ndani ya ng'ombe, maelfu ya matone ya maziwa yakifunikwa. Kila nakala iliyobandikwa, kifua chake kililegea kidogo. Vikakaushwa juu ya jiko la chai. Kisha akachukua brashi, akachora macho. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililomponza. Macho ya ng'ombe, yeye ana njia moja tu ya kuyachora.

Kivuli kilisimama juu yake. Jagatman alikuwa ameishika nakala yake kando ya kichwa cha ng'ombe, analinganisha jicho na jicho.

"Ni wewe."

Bekharatna aliiweka brashi chini.

"Barabara sisemi," Jagatman alisema kwa sauti ya chini. "Barabara wanasema wote. Lakini maziwa! Sijagusa maziwa tangu nimzike. Nimekwenda harusi ya binti wa dada yangu, nikala wali mkavu. Nawe unanitia chuchu mdomoni, nchi nzima inione?"

"Sikujua, mheshimiwa. Nilichora kwa picha ya zamani. Mke wangu alijua. Mimi sikumuuliza."

"Futa."

Akapewa ile nakala. Kwa ncha ya brashi Bekharatna aliyafuta maziwa tone kwa tone kwa wino mweusi, toka kidevuni mpaka kwenye chuchu, mpaka Jagatman akabaki amelala tu chini ya ng'ombe mwenye jina la barabara, kama mtoto aliyelala karibu na mama yake. Barabara hakuambiwa aifute. Hakuuliza.

Wakatoka. Kondakta mbele na kichwa chake, dereva nyuma yake na cha pili, Chirimaya anapiga sufuria, abiria wanaimba matusi ya sikukuu, na Jagatman anafuata miguu mitupu matopeni, ameshika ncha ya mkia wa kamba. Walikwenda mpaka poromoko la kwanza, wakarudi mpaka la pili. Bekharatna aliyahesabu macho ya watu, asijue ya nani ni ya askari.

Kwenye mlango wa kibanda Jagatman alisimama. "Ng'ombe wameingia," alisema. "Sikukuu imekwisha. Gazeti litakaloonekana mkononi mwa mtu kuanzia sasa ni kosa."

Magazeti yaliyobaki yakaingia jikoni yote mara moja, chini ya birika. Chai ile ilichemka kuliko chai yoyote iliyowahi kuchemka katika milima ya nchi hii. Na hapo ndipo, wasomaji wangu, Mkuu wa Kanda, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliinua uso, akamtazama Bekharatna, akaanza kucheka, akacheka, akashika mbavu, akacheka mpaka kilima cha tatu kikaanza kumeg—

"Hakucheka, Sanukaji."

"Aa, Bekha, uliahidi kunyamaza!"

"Uliahidi kuandika. Kilima cha tatu hakikuwepo, na yeye hakucheka. Ile nakala niliyoifuta haikuingia motoni. Aliipulizia wino ukauke, akaikunja, akaiweka kifuani, akashuka kwa miguu kwenda kwenye gari lake. Mpaka leo sijui aliiweka ya nini. Nenda kaangalie mlango, kuna mtu anagonga."