Mlinzi na Mlango wa Kompyuta

Shemeji yangu, mume wa dada, alistaafu ulinzi wa ghala, lakini ulinzi haukumstaafu yeye. Hadi leo akitoka nje huvuta kitasa, akapiga hatua, akarudi kukivuta tena. Watoto wake walipomnunulia kompyuta, kitu cha kwanza alichojifunza ni ile programu ya ulinzi ambayo mafundi huiita ukuta wa moto, inayoamua nani wa nje aingie na nani abaki huko huko. Akafunga kila kilichofungika. Kuna tovuti inayobisha hodi kwenye milango ya kompyuta yako, yaani njia ambazo programu hupokelea mawasiliano kutoka nje, kisha inakuambia upi unaonekana na upi hauonekani. Shemeji aliifungua kila asubuhi, na akiona neno "hauonekani" limejipanga kutoka juu mpaka chini, chai ilimshuka vizuri.

Mimi nilimcheka. Nilimuuliza ana nini humo cha kuibwa, zile picha zake za pasipoti?

Dada ndiye aliyemharibia raha. Zamani aliimba kwenye bendi, na aliimba kweli, si masihara. Watu waliacha kucheza ili wamsikilize. Kisha koo likaugua, akapasuliwa, akapona, sauti ikabaki mnong'ono. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Lakini alipopata mjukuu nilimwona akimbembeleza kwa kumpigapiga mgongo tu, kimya, na roho iliniuma.

Basi siku moja mpiga gitaa wa bendi ile, ambaye siku hizi anaishi mbali, akapiga simu. Alikuwa amepata kanda ya onyesho lao zima na kuiingiza kwenye kompyuta. Kanda yenyewe ilikatika akiwa anainakili, kwa hiyo iliyobaki ni ile ya kwenye kompyuta tu, na kompyuta nayo ilikuwa inakata roho. Faili lilikuwa kubwa mno kwa barua pepe. Akashauri watumie programu ya kugawana mafaili, inayounganisha kompyuta ya mtu na ya mwenzake moja kwa moja, mradi mmoja wao awe na mlango unaoonekana kutoka nje. Ila kwake mtandao ni wa jengo zima, haruhusiwi kugusa kitu. Mlango wa kuonekana ilibidi uwe kwetu.

Shemeji alikosa raha kabisa. Mwishowe akapiga moyo konde, akairuhusu programu ya ulinzi ifungue mlango mmoja, ule wa kugawana mafaili, akaenda kwenye ile tovuti kukagua. Hauonekani. Akarudia, hauonekani. Akafungua mwingine na mwingine tena, mambo yale yale. Neno alilokuwa akinywea chai sasa lilimtoa jasho. Mpiga gitaa akapiga tena kusema mashine yake imeanza kujizima yenyewe.

Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika egemeo la kiti kwa mikono yote miwili. Mimi hasira zilikuwa zinanipanda, maana niliona kila shemeji akitaka kukagua, kwanza anaifunga programu ya mafaili.

"Sasa mbona unaizima, shemeji?"

"Ghala hukaguliwa watu wakishatoka," akanijibu bila kugeuka. "Huwezi kupima kufuli huku wapakizi wanaingia na kutoka."

Dada akainama sikioni kwake. Chumba kilikuwa kimya, nikasikia.

"Mume wangu, unabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nani akuitikie?"

Shemeji akaiwasha programu ya mafaili, akaiacha ikifanya kazi, akakagua. Unaonekana. Kumbe mlango huonekana pale tu programu iliyo nyuma yake ikiwa macho. Akafunga haraka ile mingine aliyoifungua ovyo, kwa aibu, nami nikamcheka tena.

Faili likaanza kuingia. Mara likasimama, mara likaendelea. Shemeji hakuondoka kitini. Hata chakula alipelekewa hapo hapo.

Lilipoingia lote, dada alikataa lifunguliwe mpaka mjukuu aamke. Alipoamka akampakata. Gitaa likaanza, watu wakapiga makofi, kisha sauti ya dada ikaingia. Nilikuwa nimeisahau. Nililia, na sioni haya kusema. Mtoto akaacha kuchezea vifungo vya gauni la bibi yake, akauliza nani anaimba.

Shemeji alitaka kujibu, dada akamzuia kwa mkono.

"Mimi," akanong'ona.

Mtoto akamtazama usoni. Akaweka viganja vyake viwili kwenye koo la bibi, akasubiri. Dada akacheka, kisha akaanza kuimba pamoja na kanda, kwa mnong'ono wake huo huo, na mtoto hakuondoa mikono mpaka wimbo ukaisha.