Tangazo la Kaseti Lenye Fremu Nyeusi

Enzi zile nilikuwa mjuaji. Mteja akiingia kwenye kibanda changu pale Murara, mjini Goma, na karatasi iliyojaa maneno, nilimkatiza kabla hajakaa. Mpita njia hasimami kusoma, nilimwambia, anaona sura, siku na njia, basi. Nilitengeneza matangazo ya kaseti za nyimbo za kanisa, kwa mkasi, gundi na mashine moja ya fotokopi iliyotaka kubembelezwa, na nilijiona fundi kwelikweli.

Yule mama alikuja na picha yake ndogo ya kitambulisho. Alikuwa mwimbaji, mkimbizi kutoka Rutshuru. Siku walipokimbia vita, mkono wa binti yake ulimponyoka katikati ya watu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na sasa mitano ilikuwa imepita bila habari. Kanisa lilikuwa limerekodi nyimbo zake, na kaseti ingetoka Jumapili moja ya Januari, kwenye ukumbi wake.

"Papa, mimi sitafute sifa," aliniambia. "Weka sura yangu kubwa. Mutoto wangu hajue kusoma. Akiona sura, atajua ni mimi. Na uweke mushale, ajue kwenye atapita kunikuta."

Maneno hayo yalinigusa, tena yalinifurahisha, maana ndivyo nilivyokuwa nahubiri siku zote. Niliagiza karatasi za njano kupitia Bunagana. Zikakwama mpakani, kwa kuwa waasi walifunga na kufungua barabara walivyotaka. Nikaamua kutumia karatasi nyeupe. Lakini picha ilipokuzwa ilififia, mashavu yakawa yanapotelea kwenye weupe wa karatasi, kwa hiyo nikaizungushia fremu nyeusi, nene, ili uso ukae mahali pake. Neno "kaseti" nililiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Mama aliishika nakala ya kwanza kwa muda mrefu.

"Papa, hii haifanane na ya kilio?"

Mtaani kwetu mtu akifa, picha yake hubandikwa njia panda ndani ya fremu nyeusi, na mshale chini yake wa kuwaelekeza waombolezaji. Nililijua hilo vizuri kama alivyolijua yeye. Lakini nilikuwa nimeshapenda kazi yangu.

"Ni mtindo, mama," nilimjibu. "Watu watasimama kuangalia."

Kusimama walisimama. Jumatatu tulibandika, na Jumanne wanawake walikuwa wakivua viatu mbele ya ukuta, kama wafikapo msibani. Mama alirudi akaniambia kwamba sokoni watu walimpisha njia bila kumsalimu, na muuza chumvi mmoja alikataa kugusa mkono wake. Alicheka kidogo aliponisimulia. Ningeweza kuyabandua yote siku ileile. Nilimwambia avumilie mpaka Jumapili.

Jumatano jioni nilipita njia panda na kukuta uso wake haupo. Fremu ilikuwepo, mshale ulikuwepo, ila katikati ulionekana ukuta mtupu. Mtu alikuwa ameukata kwa wembe, taratibu, bila kuchana ukingo. Mbele kidogo tangazo jingine lilikuwa hivyohivyo, na la tatu pia. Nilizilaani kwaya za wapinzani kwa sauti.

Kesho yake asubuhi mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipasuka. Moto ulishuka mjini ukitembea polepole, ukila nyumba moja baada ya nyingine, nasi tukavuka mpaka kwenda Gisenyi na kilichokuwa mkononi. Mimi nilikuwa na mkasi. Tuliporudi, kibanda changu kilikuwa kimesimama, lakini ukumbi wa kanisa ulikuwa chini ya mawe meusi, na mawe yenyewe bado yalitoa moshi. Ukuta mmoja ulibaki ukingoni, na juu yake tangazo langu, limefunikwa majivu. Mshale ulielekeza kwenye yale mawe. Siku mbili baadaye nilipita tena. Majivu yalikuwa yamefutwa kwa mkono, uso umekatwa, na juu ya jiwe la kwanza kulikuwa na maua.

Sikupita tena njia ile. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Mama alikuwa hai. Alikuja kuniaga, anahamia kwa dada yake upande wa Sake.

"Hakuna mutu alikuja kuniulizia?"

"Hakuna, mama."

Mwezi wa tatu msichana mmoja aliingia kibandani, amevaa nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa chote kama mfiwa. Alisema analelewa na mfanyabiashara wa Bunagana, na kwamba aliteremka Goma na gari la maharage siku moja kabla ya moto. Akafungua kitambaa. Ndani yake zilikuwa nyuso nne za yule mama, zimepangwa moja juu ya nyingine.

"Sikutaka mvua imulowanishe," alisema. "Giza ilinikuta njiani, na kisha moto nilifuata mushale, nikakuta mawe tu. Watu waliniambia matangazo ya hapa unayafanya weye. Unifanyie ingine, nipeleke kule nyumbani. Hizi zinaanza kuchakaa."

Nilipomwambia kwamba mama yake yuko hai, alirudi nyuma mpaka akagonga mlango, akaniangalia kama mchawi. Ilibidi nimwapie mara tatu ndipo akakubali kupanda nami lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu Sake.

Tulimkuta mama uani, anachambua maharage kwenye ungo. Aliinua macho. Alimtambua pale pale, ungo ukaanguka, akamkumbatia, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha mikono ikasimama juu ya ile ngozi isiyo na nywele. Akaziangalia nguo nyeusi kuanzia juu hadi chini.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "nani amekufa?"

 Binti aligeuka akaniangalia mimi.