Chumvi ya Majani

Mimi siwezi kukaa. Mama alizoea kusema nilizaliwa na siafu miguuni, na wanafunzi wangu wa kemia wanajua: ninafundisha nikitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Lakini msimu ule papa, baba yangu, alipougua nilizidi. Kila siku baada ya masomo nilipanda toleka, baiskeli zetu za abiria, kwenda kwake karibu na maporomoko ya Wagenia, na njia nzima nilimsumbua mwendeshaji: kanyaga, kanyaga basi, tutalala hapa?

Papa alikuwa mvuvi. Tangu ujana wake alipanda miti ya mitego juu ya maji makali, na sasa miguu ilivimba hata kiatu hakikuingia. Daktari alituambia figo zimechoka na tansio, yaani shinikizo la damu, iko juu. Akasema mbele yetu sote: chumvi ya dukani, kwisha.

Papa akaacha kula. Alijaribu, siwezi kumsingizia. Aliweka samaki mdomoni, akatafuna kidogo, akaacha kutafuna, akatazama ukuta. "Hii iko mayi tu," alisema, kana kwamba tumempa maji matupu, akasukuma sahani. Pondu ya majani ya muhogo hakutaka, lituma ya ndizi za kuponda hakutaka. Mabega yakakonda huku miguu ikizidi kujaa, nami nikaogopa njaa itamchukua kabla ya figo.

Ndipo shangazi akafika kutoka Isangi kwa mtumbwi wa mota. Ni dada mkubwa wa papa, sisi tunamwita tantine, na hapendi kuulizwa mara mbili. Aliingia jikoni akatutoa sote. Haikupita wiki, papa anakula. Anamaliza sahani, analamba vidole, anauliza kama kumebaki. Nilifurahi mpaka nikaketi, mimi, kwenye kiti, kama watu wengine.

"Unamupikia nini, tantine?"

"Samaki."

"Na nini?"

"Na akili. Uko na swali ingine?"

Nilicheka. Kila mtu nyumbani alikuwa anacheka siku zile.

Kisha mikono ya papa ikaanza kumsaliti. Alasiri moja nilimkuta ameshika kikombe, na mbele ya macho yangu kikombe kikamtoka, chai ikamwagika mapajani, naye asiweze hata kujivuta pembeni. Alisema miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Nilishika mkono wake kupima mapigo, nikangoja. Mapigo yalikuja polepole mno. Nikakimbilia jikoni kutafuta kitambaa cha kumfuta, na nyuma ya mlango nikaona chungu kikuukuu kilichotobolewa chini, kimejaa majivu, kikidondosha maji ya kahawia ndani ya beseni.

Nililijua jambo lile mara moja, maana bibi yetu alitusimulia. Kabla chumvi ya bahari haijapanda mto huu, wanawake wa Isangi na Yanonge walivuna majani yanayoelea majini, wakayaanika, wakayachoma, wakapitisha maji kwenye majivu na kuyachemsha mpaka ibaki chumvi ya kijivu. Halafu wazungu wakaja na magunia. Mtu aliyetoka msituni na mzigo wa utomvu wa mpira mgongoni akapewa kiganja cha chumvi nyeupe, na kwa kiganja hicho akarudishwa tena msituni. Nikifundisha somo la chumvi ninakumbuka hayo, na chaki hunivunjikia mkononi. Chumvi ya gunia ikashinda, majani yakaachwa, ila katika nyumba chache kama ile ambamo shangazi alikulia.

Nilichovya kidole katika beseni. Maji yaliuma ulimi, yenye chumvi na uchungu.

"Tantine, unamupa papa chumvi."

"Hapana. Hii iko ya majani. Munganga alikataza ya duka."

"Yote iko chumvi!"

"Mama yetu alitukomaza nayo. Iliua nani?"

Nilitaka kumweleza vizuri, kama darasani. Kwamba chumvi ya bahari ni ya sodiamu na hii ya majivu ni ya potasiamu; kwamba figo nzima huitoa, lakini figo zilizochoka huiacha irundikane damuni mpaka moyo wenyewe usahau kazi yake. Nani angekuwa na muda? Nilipiga kelele tu. Nilimwambia anamuua. Neno likatoka, na nililiona likimfikia usoni.

Tulimbeba papa kwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kikigonga bega langu kila shimo. Hospitalini daktari aliuliza anakula nini. Nikasema majivu, nikasema majani, nikasema potasiamu, nikienda huku na huku mbele ya meza mpaka muuguzi akaniomba nisimame. Daktari hakuuliza tena. Walimchoma sindano mshipani, polepole, na jioni mapigo yake yakaanza kufuatana. Nililia ukutani, bila aibu.

Aliporudi nyumbani, chungu hakikuwepo. Shangazi alikuwa amekiondoa. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ile. Nilipika mimi: samaki katika majani, pilipili kidogo, ndimu, basi. Papa akaonja. Akaacha kutafuna. Akatazama ukuta, kama mwanzo kabisa, nami nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, kwa sababu sasa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na ndugu hawa wawili walijua hivyo.

Shangazi akavuta kiti karibu na papa. Akamega samaki kutoka sahani ile ile, akaweka mdomoni, akatafuna taratibu. Mwanamke huyu hajawahi kula kitu bila chumvi tangu aachishwe ziwa.

"Iko mubaya," alimwambia papa.

"Nilisema," akajibu papa.

"Iko mubaya sana. Basi kula. Nitakula na weye kila siku, mpaka Mungu achoke kututazama."

Akamega tena, kipande kikubwa, akamwekea papa mkononi na kumfungia vidole. Papa akakitazama muda mrefu. Akala.