Tumbo la Nelima

Miaka tisa Nelima aliishi hapa Sirisia bila mtoto, na miaka tisa mama mkwe wake hakuwahi kumwita kwa jina. Mwaka wa 2006, akiwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda mguuni, alishikwa na kikohozi kibaya. Tumbo likavimba. Mama mkwe akaona mimba. Wiki nzima alimchinjia kuku, akamkataza hata kuteka maji. "Lala tu, Nelima," alimwambia.

Maumivu yalipozidi, mimi jirani nikawasindikiza hadi hospitalini Kitale. Daktari alisema si mimba, ni damu iliyovuja ndani ya msuli wa tumbo kwa nguvu ya kile kikohozi, na zile dawa zikaizuia kuganda. Hakuhitaji upasuaji. Walimwachisha zile dawa kwa muda, wakamwongezea damu, wakamwambia apumzike mwezi mzima, asiiname wala kuinua kitu, la sivyo itavuja tena.

Alirudi Ijumaa. Jumatatu nilimkuta shambani ameinama na jembe, mkono mmoja tumboni. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekaa kivulini.

"Si daktari mwenyewe alisema hakuna mtoto," akanijibu. "Sasa huyu alale akingoja nini?"