Bahasha ya Siku ya Kwanza

Mke mwenzangu alikuwa ameipanga Maputo yote ndani ya kaderno, daftari lake, siku baada ya siku, kabla hatujajua ni nani kati yetu atakayekwenda. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Mtu hajapewa safari, tayari ameshaamua saa ya kunywa chai.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa, Palma imejaa wageni, na mume wetu alikuwa motorista wa kuwapeleka wapimaji huku na huko. Mkataba wake ulipokwisha, wakubwa zake wakamzawadia tiketi mbili za ndege kutoka Pemba, yake na ya mwenzake mmoja, akakae siku nne auone mji mkuu wa nchi yake. Mwenzake mmoja, na sisi tuko wawili. Akasema hataki lawama: itapigwa kura, kama ilivyo sunna mwenye wake wengi anapotaka kusafiri, na atakayeiokota ni mama yake, Ijumaa ya wiki ya pili.

Mimi ndiye mkubwa. Niliolewa naye hana hata baiskeli. Yule mdogo alikuja baadaye, na Kireno chake cha sekondari, na ile tabia ya kuwajibu wageni kabla mimi sijafungua mdomo. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu. Kiswahili nakiandika kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wangu ni mzuri, lakini karani wa serikali akinijia huandika kwamba sijui kusoma. Basi nilimwonea wivu, sifichi. Nilimwonea wivu wa kalamu, wa miguu yake myembamba, wa namna mama mkwe alivyocheka kwa mambo yake.

Kila siku baada ya adhuhuri alikuja kwake mke wa mtumishi mmoja wa serikali, mama wa kutoka kusini, aliyezaliwa hukohuko Maputo. Walikaa upande wa pili wa ua wa makuti, yule mama anaeleza, huyu anaandika, kisha anarudia kwa sauti, Kireno na Kiswahili vimechanganyika. Mimi nilikaa upande wangu nakuna nazi. Siku ya pili niliiacha nazi, nikachukua penseli na karatasi ya kalenda ya zamani, nikawa naandika ninayoyasikia. Stesheni ya reli yenye kuba. Nyumba yote ya chuma, isiyokalika kwa joto. Ngazi zinazopanda zenyewe, wewe umesimama tu. Na makumbusho walimowekwa tembo waliotolewa matumboni mwa mama zao, wamepangwa mwezi kwa mwezi mpaka yule aliyekaribia kuzaliwa. Hivyo vitoto vya tembo nilitaka kuviona kuliko kitu chochote. Nilikuwa nikifumba macho navihesabu, na nikifumbua namsikia yeye akisema atakwenda kupiga navyo picha, nami roho inaniuma upya.

Ijumaa ikafika. Mume alikuwa msikitini. Mdogo alichana ukurasa mmoja wa kaderno katikati, juu hadi chini, nusu yake, nusu yangu. Tukaandika majina, tukakunja, tukatia ndani ya kawa tuliyoipindua. Mama mkwe macho yake yalikwisha kuingia ukungu, na ndiyo sababu tulimwamini. Akatia mkono, akakoroga, akatoa karatasi moja. Akaielekeza kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

"Soma, mwanangu."

Nikaifungua. Herufi zilianzia kushoto. Sikuweza kuzisoma, wala sikuhitaji kuzisoma, kwa sababu jina langu nililianzia kulia. Mdogo alikuwa amekaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Ni mimi," nikasema.

Mama mkwe akanipongeza, akamwambia mdogo zamu yake itakuja. Nikaikunja ile karatasi nikaichomeka kwenye upindo wa kanga, na ile ya pili nikaitoa kwenye kawa; nilipokwenda kuchochea moto wa wali nikazitia motoni zote mbili. Mume aliporudi akaambiwa, akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyeepushwa na ugomvi.

Nilidhani mdogo atanuna. Ningependa anune. Badala yake siku ya tatu alikuja kwangu na kaderno yake, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Dada, huko utapotea bure. Nikusomee, uandike kwa mwandiko wako." Nikachukua karatasi, nikajifanya ndiyo kwanza nayasikia. Akasoma polepole, akinisubiri. Kabla hatujafika jioni ya siku ya kwanza, nikataka kuonyesha kwamba mimi pia nina akili ya safari.

"Na ile bahasha," nikamwuliza, "tunampelekea nani?"

"Bahasha gani?"

"Ya siku ya kwanza. Si mtu anafika, kisha anashuka na bahasha?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Baisha, akasema. Baisha ndilo jina la mji wa chini, kule kwenye maduka, karibu na bandari. Nami nikacheka, kwa kuwa lilichekesha kweli. Halafu kicheko chake kikakatika. Jina hilo alikuwa hajanisomea bado. Alikuwa amelisoma mara moja tu, upande wa pili wa ua.

Akaifunga kaderno, akaiweka juu ya goti langu.

"Nusu yangu ndiyo iliyokuwa na mstari mwekundu wa pembeni," akasema. "Ulipoifungua niliuona kwa nyuma."

Nilimwuliza kwa nini hakusema palepale.

"Mbele ya mama?" Akanyanyuka, akakung'uta kanga. "Nenda, dada. Ila ukirudi usinisimulie."

Nilikwenda. Tulipita Awasse, tukalala Pemba, tukapanda ndege. Stesheni niliiona, na nyumba ya chuma niliigusa. Kwenye makumbusho nilisimama mbele ya wale tembo mpaka mume akachoka kunisubiri, akatoka nje.

Sasa tunaishi Quitunda, kijiji tulichohamishiwa kwa ajili ya gesi, nyumba zetu za bloku zimepakana, hakuna tena ua wa makuti wa kujificha. Majirani wakiniuliza Maputo ikoje, yeye huinuka taratibu akaenda kuangalia chungu chake. Nami husema nilikuwa na homa siku zote nne, sikuona kitu. Kaderno ninayo. Na mpaka leo namwonea wivu, kwa kuwa yeye alijua akanyamaza, na mimi mahali pake ningepiga kelele mpaka ghuba yote ya Tungue isikie.